Kifurushi Nilicholipia Bila Kukifungua

Mwezi wa Januari mwaka 2025 nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Hima, daftari la hesabu mapajani, nikijaribu kuugawa mshahara mmoja katika karo za watoto watatu. Barabarani malori ya saruji yalikuwa yakipita kuelekea Fort Portal, na kila lori lilipopita nilipoteza hesabu nikaanza upya. Ndipo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa benki ukinijulisha kwamba akaunti yangu imekatwa shilingi 16,100.

Ujumbe huo haukuwa mgeni. Ulikuwa ukija kila mwezi, nami nilikuwa nikiufuta kila mwezi, kama mtu anayefukuza nzi bila kumtazama. Lakini siku ile kila shilingi ilikuwa na jina lake, na hizo 16,100 hazikuwa na jina katika daftari langu. Nikaamua kuzitafutia.

Asubuhi iliyofuata nilipanda teksi hadi Kasese, ambako tawi la benki lipo, nikaomba taarifa ya akaunti. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Aliniambia, "Madamu, wewe uko kwenye akaunti ya kifurushi. Ada ni shilingi 14,000, na juu yake kuna ushuru wa serikali wa asilimia 15." Nikapiga hesabu palepale: asilimia 15 ya 14,000 ni 2,100; jumla 16,100. Basi jina la zile pesa nililipata. Nikamwuliza kifurushi hicho kina nini ndani yake. Akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyeuliza swali lililo nje ya mtaala, kisha akainuka kwenda kutafuta karatasi.

Hapa naomba wanafunzi wangu mnivumilie kidogo, maana neno lenyewe linastahili kutazamwa. Furushi ni mzigo wa vitu mbalimbali uliofungwa pamoja, aghalabu kwa nguo; kifurushi ni furushi dogo. Siku hizi makampuni ya simu yamelichukua neno hili kwa ajili ya dakika za maongezi na intaneti zinazouzwa pamoja, na mabenki nayo yamefuata. Neno limechaguliwa vizuri kuliko walivyokusudia, kwa sababu furushi likiwa limefungwa, anayelibeba anajua uzito wake tu. Kwa muda wa miezi 26, tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2024, nilikuwa nimebeba mzigo wa shilingi 418,600, na sikuwahi kuufungua hata mara moja.

Niliubebaje? Ni kisa cha kawaida. Maafisa wa benki walikuja shuleni kwetu siku ya mkutano wa walimu, wakiwa na kofia, kalamu na soda. Mwaka ule walimu wa sayansi walikuwa wameongezewa mishahara, na sisi wa lugha na sanaa tukabaki palepale, kwa hiyo mtu yeyote aliyekuja na ahadi ya mkopo wa haraka alisikilizwa kwa makini. Tulitia saini walimu kumi na wanne. Fomu ilikuwa na visanduku vingi vya kuweka alama, na vingi vilikuwa vimekwisha kuwekewa alama kabla haijatufikia. Simlaumu mtu. Mimi, ambaye kila siku nawaambia wanafunzi wasome maagizo kabla ya kujibu mtihani, nilitia saini nikiwa nimeshika soda mkono wa pili.

Karatasi aliyoniletea yule kijana ilikuwa na kurasa kumi na moja za Kiingereza chenye herufi ndogo. Niliisoma ndani ya teksi nikirudi, nikaisoma tena usiku. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mambo manne. Kwanza, kutoa pesa kwenye mashine mara nne kwa mwezi bila malipo. Pili, bima ya mazishi: shilingi 2,000,000 akifariki mwenye akaunti au mwenzi wake wa ndoa, na shilingi 1,000,000 akifariki mtoto. Tatu, posho ya kulazwa hospitalini, shilingi 50,000 kwa kila usiku kuanzia usiku wa tatu. Nne, punguzo katika hoteli kadhaa za Kampala, jambo ambalo lilimfanya mume wangu acheke mpaka akajifuta machozi.

Lakini mimi sikucheka kwa muda mrefu. Katika ukurasa wa saba palikuwa na sentensi iliyosema kwamba madai ya bima ya mazishi yaletwe ndani ya siku 90 tangu siku ya kifo. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, na mara ya pili nikamkumbuka mwenzangu.

Alikuwa mwalimu wa historia. Siku ile ya kofia na soda tulikaa benchi moja na tukatia saini kwa kalamu moja. Alifariki tarehe 19 Agosti 2024 baada ya kuugua kwa muda mfupi, akaacha mjane na watoto wanne, mdogo wao akiwa bado hajaanza shule. Tulimpeleka kwao, kwenye miteremko ya milima juu ya Bwera, mahali ambapo gari hufika nusu ya njia na nusu iliyobaki jeneza hubebwa mabegani. Walimu tulichanga. Chama cha kuzikana cha kijiji kilileta maharage, kuni, masufuria na vijana wa kuchimba kaburi. Hata hivyo kulikuwa na deni la hospitali, jeneza, na gari kutoka Kasese, na mjane alilazimika kukopa shilingi 1,200,000 katika kikundi cha akiba, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Wakati huo wote shilingi 2,000,000 zilikuwa haki yake, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale msibani, nami nikiwa miongoni mwao, aliyelijua hilo.

Tangu Agosti hadi Januari ilikuwa imepita miezi mitano. Siku 90 zilikuwa zimekwisha katikati ya Novemba.

Nataka nieleze kidogo jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, kwa sababu nilipowauliza wenzangu katika chumba cha walimu niligundua kwamba tunachanganya vitu viwili. Mwalimu mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa, "Hiyo ada ni ya kulinda pesa zetu benki isije ikafilisika." Sivyo. Akiba zetu zinalindwa na Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda, ambao humfidia mwenye akiba hadi shilingi milioni 10 benki yake ikifungwa. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mabenki yenyewe. Mteja hakatwi kitu kwa ajili yake, awe na akaunti ya bei kubwa au ya bei ndogo. Wazee wanaokumbuka mwaka 1999, Benki ya Greenland na Benki ya Ushirika zilipofungwa, au sisi tulioshuhudia Benki Kuu ikiichukua Crane Bank mwezi Oktoba 2016, tunajua kwa nini ulinzi huo unahitajika. Lakini huo ni ulinzi wa akiba. Bima iliyomo katika kifurushi ni kitu kingine kabisa: ni mkataba na kampuni ya bima, na benki ni mchuuzi tu. Zamani benki hapa Uganda haikuruhusiwa kuuza bima. Ruhusa hiyo ilikuja sheria ya taasisi za fedha iliporekebishwa mwaka 2016. Tangu hapo dirisha lilelile tunalopokelea mshahara ndilo tunalouziwa bima, na ni rahisi kudhani kwamba vyote viwili ni huduma moja.

Neno bima lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, pamoja na wafanyabiashara waliohofia bahari. Ni neno fupi, lakini limezungukwa na maneno mengine ambayo ni lazima myajue kabla hamjatia saini popote. Mchango wa bima ni kile unacholipa. Fidia ni kile unacholipwa. Mnufaika ni yule atakayelipwa. Madai ni ombi la kulipwa, na bila madai hakuna fidia, hata kama umechangia kwa miaka thelathini. Kampuni ya bima haisomi matangazo ya vifo redioni ili imtafute mjane. Ni lazima mjane aende. Na ili aende, ni lazima ajue.

Nilimpigia simu yule mama. Kwa heshima ya marehemu namwita Shemeji, kama nilivyozoea. Nilimwambia aje Kasese siku ya Jumatatu na karatasi zote alizonazo. Hakuuliza ni za nini. Alikuja na mfuko wa plastiki uliokunjwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Watu wa Kasese tumejifunza kutunza karatasi namna hiyo tangu mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyochukua nyumba pamoja na masanduku na kila hati iliyokuwa ndani yake.

Mfukoni mlikuwa na kitambulisho cha taifa cha marehemu, kadi ya hospitali na barua ya mwenyekiti wa LC1. Cheti cha kifo hakikuwemo. Cheti hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, nayo hakuwa amekwenda, kwa sababu kijijini hakuna anayekudai cheti ili umlilie mumeo. Tukaanza na hicho. Kisha tukaenda benki, na huko tukakuta tatizo ambalo mtu asiye wa kwetu angeshindwa kulielewa.

Sisi Wakonzo huwapa watoto majina kwa nafasi ya kuzaliwa. Bwambale ni mvulana wa pili, Masereka ni wa tatu, Biira ni msichana wa pili. Ukiita Bwambale sokoni Bwera, wanageuka watu kumi. Marehemu aliitwa Thembo, nalo pia ni jina la nafasi, na ndivyo lilivyoandikwa katika kitambulisho na katika akaunti. Lakini katika orodha iliyopelekwa kwenye kampuni ya bima, mtu fulani mwenye haraka alikuwa ameandika Tembo. Kwa hiyo bima ilimkatia tembo, na aliyekufa alikuwa mtu. Katika wiki zile, hiki ndicho kitu pekee kilichomfanya Shemeji atabasamu.

Afisa wa bima alitueleza kwa upole kwamba kulikuwa na mambo mawili: jina halilingani, na muda umepita. La kwanza lingeweza kurekebishwa kwa hati ya kiapo. La pili, alisema, lilikuwa nje ya uwezo wake.

Tungekuwa tumerudi nyumbani hapo, kama si Shemeji mwenyewe. Alikuwa amekaa kimya muda wote, akiitazama taarifa ya akaunti ya mumewe iliyokuwa mezani. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi, akaniuliza kwa Lhukonzo, "Hii ni nini?" Nilitazama. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari: kila mwezi 16,100. Mwenye akaunti alikuwa kaburini, na ada ya kifurushi ilikuwa ikiendelea kukatwa katika kile kidogo alichokiacha. Mara tano, jumla shilingi 80,500.

Nikamwuliza afisa swali ambalo nilikuwa nimelipata kwa Shemeji: kama tarehe ya mwisho ya kudai ilikuwa Novemba, ni kwa nini mlipokea mchango wake wa bima mwezi Desemba? Hakujibu, lakini aliiandika. Na siku hiyohiyo jioni mimi nami niliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka. Katika barua nilitaja kwamba tangu mwaka 2011 Benki Kuu ya Uganda ina mwongozo wa kuwalinda watumiaji wa huduma za kifedha, unaozitaka benki zieleze ada na masharti kwa uwazi na zipokee malalamiko ya wateja. Na nikaongeza kwamba nisipopata jibu nitaipeleka barua hiyo kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo ina ofisi maalumu ya malalamiko. Ndugu msomaji, huduma hiyo ya malalamiko haihitaji wakili. Inahitaji barua, nakala za karatasi, na subira.

Wakati tukingoja, nilifanya jambo ambalo mwalimu mkuu hakuliona katika azimio langu la kazi. Nilichukua ukurasa wa saba wa ile hati, nikauandika ubaoni, nikawapa kidato cha tatu waufasiri kwa Kiswahili. Kwa kawaida huwapa habari za magazeti. Siku ile darasa lilikuwa na ukimya wa watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Walihangaika sana na sentensi ya mambo yasiyofidiwa, iliyokuwa na vishazi vitano na kikanushi kimoja kilichojificha mwishoni. Mwishowe msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye baba yake ni mchuuzi wa chumvi kutoka Katwe, aliinua mkono akauliza: "Madamu, mtu akiwa hajui kwamba amekatiwa bima, kweli anayo?"

Nilimwambia kwamba kisheria anayo. Niliiona sura yake haikuridhika, na mimi pia sikuridhika.

Swali hilo si la Kasese peke yake. Uingereza, ambako akaunti za namna hii zimekuwa nyingi kwa miaka mingi, watu walilipia bima ambazo wasingeweza kamwe kudai, kwa sababu ya umri au ya ugonjwa waliokuwa nao tangu mwanzo. Tangu Machi 2013 msimamizi wa masoko ya fedha wa huko anazitaka benki zimpelekee mteja kila mwaka taarifa ya kumkumbusha aangalie kama bado anastahili kudai bima zilizomo katika akaunti yake. Ni jambo dogo, karatasi moja kwa mwaka. Ningependa kuiona karatasi hiyo hapa kwetu, na ningependa iandikwe kwa lugha inayosomwa na yule atakayebaki baada ya mwenye akaunti kuondoka.

Jibu lilikuja mwezi Aprili. Kampuni ya bima ilikubali kulipa, kwa maneno ya barua, kwa kuzingatia mazingira ya pekee. Benki ilirudisha zile shilingi 80,500. Jumla Shemeji alipokea shilingi 2,080,500. Lakini mkopo wake ulikuwa umelala katika kile kikundi kwa miezi minane, na riba ya 120,000 kwa mwezi ilikuwa imefika 960,000. Deni lote lilikuwa shilingi 2,160,000. Alilipa kila alichopokea, akabaki anadaiwa shilingi 79,500. Pesa zile zingefika katika juma la mazishi, asingekopa chochote, na angebaki na karo ya mihula miwili.

Sasa nirudi kwenye daftari langu, kwa maana nilikuwa bado sijaamua juu yangu mwenyewe. Baada ya hayo yote, wenzangu wengi walitarajia niseme kwamba kifurushi ni wizi. Wengine walitarajia niseme kwamba ni mkombozi, mradi ujue kudai. Nilifanya hesabu badala yake.

Akaunti ya kawaida katika benki ileile hulipiwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Mimi hutoa pesa mara mbili, kila mara 1,500. Jumla 6,000, na ushuru wake 900, yaani 6,900. Kwa hiyo tofauti kati ya akaunti ya kawaida na kifurushi ni shilingi 9,200 kwa mwezi, au 110,400 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei halisi ya bima kwangu mimi. Ile 16,100 haikuwa bei ya bima, na kuilaumu yote ni kukosea hesabu. Anayetoa pesa mara nne kwa mwezi atakuta tofauti ni ndogo zaidi, na yule mwalimu wa hesabu anayehamisha mshahara wote kwenye simu kwa mara moja atakuta ni kubwa zaidi, ingawa akitoa pesa kwenye simu nako serikali humkata nusu ya asilimia moja.

Je, 110,400 kwa mwaka inanipa nini? Mwaka 2023 mwanangu wa mwisho alilazwa kwa malaria usiku mbili. Posho huanza usiku wa tatu, sikustahili kitu. Mume wangu ni dereva, na mwajiri wake anawajibika kisheria kumfidia akiumia kazini. Lakini akifia nyumbani hawajibiki, kwa hiyo hapo kifurushi kina maana. Watoto wamo. Aliyekosekana ni mama yangu.

Mama yuko Bwera. Amepita miaka sabini, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ameuza vitenge kwenye mpaka wa Mpondwe, akibadilishana bei na wanunuzi wa Kongo kwa Kiswahili ambacho kilinifanya nikipende Kiswahili. Katika familia yetu, na tusifichane, msiba unaotarajiwa kwanza kwa mpangilio wa umri ni wake, na gharama zake zitakuwa juu yangu. Hati inasema wazi: wazazi hawamo. Mama mwenyewe nilipomweleza habari za kifurushi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watu wa benki watakuja na kuni.

Chama chake cha kuzikana hukusanya shilingi 2,000 kila mwezi, na amekuwa mwanachama tangu nikiwa shule ya msingi. Msiba ukitokea usiku, alfajiri watu wako uani. Hawaulizi cheti, wala herufi ya jina, wote wanamjua. Sidhani kwamba vyama hivi ni mabaki ya zamani yanayosubiri kufutwa na benki. Kule Kisiizi, wilayani Rukungiri, hospitali ilipoanzisha mpango wake wa bima ya afya mwaka 1996, haikuanza na fomu mpya bali ilijenga juu ya vikundi vya engozi, yaani vikundi vya wanakijiji wa kubebana kwa machela na kuzikana. Walijua kwamba hapo palikuwa na bima tayari, ila haikuitwa hivyo.

Hata hivyo chama cha Mama hakiwezi kumlipa mtu aliyelazwa mwezi mzima Kampala, wala kumtunza aliyepoteza mguu. Kinaweza kuzika, basi. Nimeona watu wakisifu vyama hivi kana kwamba vinatosha kwa kila kitu. Havitoshi, na mjane wa mwenzangu ni ushahidi.

Kwa mwenzangu yule, mwenye watoto wadogo wanne, mke asiye na mshahara, na hakuna bima nyingine yoyote, kifurushi kilikuwa kinafaa. Nasema hivyo bila kusita. Kwa shilingi 9,200 za ziada asingepata kokote ulinzi wa milioni mbili kwa kila mmoja wa wazazi wale wawili na milioni moja kwa kila mtoto. Kwangu mimi uzani ni tofauti. Mwezi Mei nilirudi katika akaunti ya kawaida. Ilinichukua safari mbili na fomu moja, na yule kijana mwenye adabu aliniuliza sababu; nilimwambia, naye akaandika "bei". Zile 9,200 sasa nazigawa: 2,000 zinaingia katika chama cha kuzikana cha hapa Hima, ambacho nilikuwa nimekidharau kwa miaka kumi, na 7,200 naziweka akiba kwa jina la Mama. Kwa mwaka ni 86,400. Si pesa za kumzikia mtu, najua. Na najua pia kwamba mume wangu akifa usiku wa leo nikiwa nimeacha kifurushi, nitakuwa nimepoteza milioni mbili kwa hiari yangu, huku macho yakiona. Nimelala na wazo hilo zaidi ya usiku mmoja.

Kabla sijatoka katika kifurushi nilipita kwa walimu wote waliotia saini siku ile ya soda. Tulikuwa kumi na wanne, sasa tumebaki kumi na watatu. Tisa hawakujua kwamba wana bima. Watatu walijua lakini hawakuwa wamewaambia waume au wake zao. Mmoja wao alisema anaogopa mkewe akijua atamwombea afe, tukacheka, kisha akaenda nje kupiga simu. Mwalimu wa hesabu alikaa na kila mmoja akimpigia hesabu ya tofauti yake kwa mwezi. Saba wameamua kubaki, wanne wametoka, wawili bado wanafikiri.

Wale saba wameniomba niwafasirie kurasa zote kumi na moja. Kidato cha tatu wamefika ukurasa wa tisa. Nakala ya kwanza ataichukua Shemeji, ingawa haimhusu tena. Anasema kijijini kwao wako walimu wawili na askari mmoja wanaopokea mshahara katika benki ile, na anataka kuwasomea wake zao.